Kamba wa Rufiji na Ardhi Inayoitwa Tupu



Wapo watakaouliza imekuwaje kijitabu cha Haki na Amani kinachosomwa Mtinko kizungumzie kamba wa baharini. Nchi yetu ni ya alizeti, mtama na vitunguu. Wengi wetu bahari hatujaiona, na kamba hatujapata kumwonja. Swali hilo ni halali. Jibu lake ni kwamba hoja zilizotolewa ili Warufiji waondolewe katika ardhi yao ndizo zilizotolewa hapa karibu yetu, Hanang, na ndizo zitakazotolewa kesho popote penye mbuga ya malisho isiyo na uzio wala hati.

Katika miaka ya 1990 kampuni iitwayo African Fishing Company iliomba kufuga kamba katika delta ya Mto Rufiji, yaani pale mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Leo mahali hapo ni wilaya ya Kibiti. Mabwawa yalikusudiwa kuchukua kiasi cha hekta 10,000, na gharama zilitajwa kuwa dola za Kimarekani milioni 192. Ilisemwa kwamba duniani pote hapangekuwa na shamba la kamba kubwa kuliko hilo. Baraza la Taifa la Mazingira, chombo cha Serikali yenyewe, lilishauri mradi usikubaliwe. Mwaka 1997 Serikali ikaukubali.

Je, palikuwa patupu? La hasha. Katika visiwa na vijito vya delta waliishi watu zaidi ya 30,000, wavuvi na wakulima wa mpunga, katika vijiji kama Salale, Mbwera na Msala, na maelfu kati yao wangelazimika kuhama. Pana pia mikoko, miti inayoota ndani ya maji ya chumvi, zaidi ya hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika mizizi ya miti hiyo ndimo samaki na kamba wachanga wanamojificha na kukua kabla ya kwenda bahari kuu. Sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutokana na delta hiyo, bila mtu kuwalisha wala kuwajengea zizi. Basi kufyeka mikoko ili kufuga kamba ni sawa na mfugaji kumchinja ng'ombe jike ili apate ngozi ya kusuka kamba ya kumfungia ndama.

Inafaa tueleze jinsi ufugaji huo unavyoendeshwa, kwa sababu wanaoutangaza hupenda kuonyesha picha ya bwawa likiwa bado jipya. Udongo wa mikoko una salfa nyingi. Ukichimbwa na kupigwa na hewa hutoa tindikali, na tindikali hiyo huharibu maji ya bwawa na ya kijito kilicho jirani. Maji ya bahari na ya mto huvutwa kwa pampu mchana na usiku. Chumvi hupenya hadi mashamba ya mpunga na visima. Kamba waliosongamana hupewa chakula kingi, ambacho kwa sehemu hutengenezwa kwa samaki waliosagwa, samaki ambao wangeliwa na watu. Wakiugua hutiwa dawa, na maji yenye mabaki ya chakula, dawa na kinyesi hufunguliwa yarudi mtoni. Na ugonjwa haukosi kuja. Kisiwa cha Taiwan kilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa kamba wa kufugwa duniani hadi miaka ya 1987 na 1988, ambapo maradhi yaliangusha uzalishaji kwa muda mfupi tu. Mwenye mtaji huhamia pwani nyingine. Mwenyeji hubaki na shimo la chumvi lisiloota mpunga wala mkoko.

Haya hayakuwa siri mwaka 1997. Nchini Bangladesh, tarehe 7 Novemba 1990, mwanamke mwanakijiji aitwaye Karunamoyee Sardar aliuawa akiwa mstari wa mbele wa wenzake waliokataa ardhi yao ya mpunga igeuzwe mabwawa ya kamba. Nchini India, Desemba 1996, Mahakama ya Juu iliamuru mashamba ya kamba yaliyojengwa katika eneo la pwani linalolindwa yabomolewe, na wafanyakazi na wanavijiji walioathirika walipwe fidia. Mwaka uliofuata, sisi tukafungua mlango kwa kitu kile kile ambacho wenzetu walikuwa wanaamriwa kukibomoa.

Walioutetea mradi walisema nchi inahitaji fedha za kigeni na vijana wanahitaji kazi. Ni kweli, nchi inazihitaji na vijana wanaihitaji. Ni kweli pia kwamba baadhi ya wanavijiji waliupokea mradi kwa matumaini, na hatuna haki ya kuwacheka; mwenye njaa hachagui sana maneno ya kusadiki. Lakini tuulize kazi gani, ya nani, na kwa muda gani. Mvuvi aliye bwana wa mtumbwi wake akifanywa mlinzi wa usiku katika bwawa la mwingine, takwimu zitasema ajira imeongezeka. Sisi tunasema mtu huyo amefukarishwa, hata kama mwisho wa mwezi atapewa bahasha.

Wakazi wa delta walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1998, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT. Miaka michache baadaye kampuni iliishiwa nguvu na mradi ukafa kabla ya mabwawa yale kujengwa. Wengi wa watu hao ni Waislamu. Tunalitaja hilo kwa sababu tumesikia miongoni mwetu minong'ono kwamba Tume ishughulike na watu wake. Nabothi alipodhulumiwa shamba lake la mizabibu, Mungu alimtuma nabii kwa mfalme. Biblia haituambii kwamba kwanza aliuliza Nabothi anasali wapi.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, kwa msaada wa Kanada, lilichukua kiasi cha ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig wa Hanang ili kulima ngano. Makaburi ya wazee wao yalipitiwa na matrekta. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ilikipa haki kijiji cha Mulbadaw. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema wanakijiji hawakuthibitisha umiliki wao. Ngano na kamba ni vitu mbalimbali, lakini maneno yaliyotumika ni mamoja: eneo halitumiki ipasavyo, wenyeji hawana karatasi, taifa litanufaika.

Wala asidhani mtu kwamba mwenye kubeba bendera ya mazingira hana uwezo wa kudhulumu. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba vibanda vya wakulima wa mpunga katika delta hiyo hiyo vilichomwa moto na minazi yao kukatwa, safari hii kwa jina la kuihifadhi mikoko. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja kutoweka kwa mikoko kuwa jambo la kutia wasiwasi mkubwa. Katika waraka huo huo alikataa kukitenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini.

Hatupingi kila ufugaji wa majini. Kilimo cha mwani kilichoanza Zanzibar mwaka 1989 kimewapa maelfu ya wanawake fedha za mkononi, ingawa bei hupangwa na mnunuzi. Walau bahari imebaki kuwa yao. Tunachopinga ni kumtoa mtu alipo na kumwita kikwazo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeleta nafuu, lakini someni kifungu cha 4 kwa makini. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo tu, na mwenye kuamua ni Waziri. Maana yake anayetaka kipande ataomba kwa wanakijiji, na anayetaka hekta 10,000 atawapita. Kifungu hicho kinapaswa kurekebishwa, na wabunge wetu waulizwe hadharani msimamo wao. Wakati huo huo, mkutano mkuu ni wa kila mwanakijiji mtu mzima, mwanamke na mwanamume, wala si wa mwenyekiti na mtendaji. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla haujapigwa mhuri, na orodha ya mahudhurio ihesabiwe mbele ya watu waliohudhuria.