Kinasaba cha Mgonjwa na Dozi ya Dawa

Kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake kuanzia mwaka 2019, efavirenz ilikuwa miongoni mwa ARV, dawa za kufubaza VVU, zilizotumika sana Tanzania. Mtu mzima alimeza miligramu 600 kila usiku, awe wa Morogoro mjini au wa Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Wengi hawakudhurika. Wengine walipata kizunguzungu na ndoto za kutisha.

Ini huivunja efavirenz kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2B6. Aliyerithi kinasaba dhaifu cha kimeng'enya hicho kwa baba na kwa mama hubaki na dawa nyingi mno katika damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wagonjwa wa Tanzania na Ethiopia waliotumia dozi ileile. Watanzania walikutwa na kiwango kikubwa zaidi cha dawa katika damu. Kwa hiyo takwimu za Ulaya, na hata za Ethiopia, hazitoshi kumwongoza daktari wa Morogoro.

Hatari zaidi ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ya kurithi iliyozoeleka kwenye maeneo ya malaria. Mwenye nao akipewa primakwini kwa dozi kubwa au dapsoni, chembe nyekundu zaweza kupasuka, mkojo ukawa mweusi na damu ikapungua ghafla. Ndiyo sababu Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008.

Madaktari hawaipingi elimu hii ya vinasaba na dawa. Katika uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, ukihusisha madaktari zaidi ya 10,000, karibu wote walikubali kwamba vinasaba huathiri utendaji wa dawa, ila kama mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyejiona ana ujuzi wa kutosha. Ikiwa hali ni hiyo huko, tabibu wa zahanati ya Uluguru asilaumiwe. Anahudumia foleni ndefu, na mgonjwa aliyeshuka mlima kwa miguu hawezi kurudi wiki ijayo kuchukua majibu ya kipimo cha vinasaba.

Kwa zahanati kama hiyo, kupima vinasaba vyote si hatua ya kwanza. Kipimo cha G6PD hutumia tone la damu ya kidoleni na majibu hutoka kwa dakika chache. Wizara ya Afya ianze na hicho, iwafundishe matabibu, na mwongozo wa matibabu useme waziwazi dawa gani ibadilishwe majibu yakiwa mabaya. Pasipo na kipimo, mgonjwa aulizwe kama mkojo wake uliwahi kuwa mweusi baada ya kumeza dawa.