Kabla ya mke wa pili, mume apime

Tangu tuanze mada ya kuchelewa kupata mtoto, ujumbe mwingi unaoletwa ni wa aina moja: mke ameshapimwa, amesafishwa kizazi, amekunywa dawa za kila rangi, lakini mume hajawahi kukanyaga maabara. Tayari mawifi wanataja mke wa pili. Leo ni zamu ya kina baba.

Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zake zote kitandani, akatoa manii kama kawaida, na ndani yake isiwepo mbegu hata moja. Sehemu kubwa ya majimaji yale hutoka kwenye tezi, si kwenye korodani, hivyo kwa macho huwezi kujua.

Tatizo linaloongoza kati ya yale yanayotibika ni kuvimba kwa mishipa ya damu juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Damu ikituama pale joto hupanda, na mbegu hazistahimili joto. Hili si busha wala ngiri, ingawa mitaani kila uvimbe wa huko huitwa ngiri. Hurekebishwa kwa upasuaji mdogo.

Kisonono au klamidia iliyotibiwa nusunusu huweza kuziba mirija ya mbegu. Matubwitubwi nayo, yakimpata kijana aliyekwisha balehe, huweza kushambulia korodani. Sigara na pombe nyingi mnazijua.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni vijana wa jimu wanaojidunga homoni ya kiume ili wajaze misuli. Ubongo ukiona homoni hiyo imejaa, huacha kuziamuru korodani, na utengenezaji wa mbegu husimama. Akiacha, mara nyingi mbegu hurudi, ila huweza kuchukua miezi mingi.

Kipimo chenyewe hakiumi. Baba akae siku 2 hadi 7 bila tendo, kisha sampuli ifike maabara ndani ya dakika 60. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha chini cha rejea kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita. Majibu yakiwa mabaya, msikate tamaa wala kukimbilia kwa muuza mizizi: mbegu huchukua takriban miezi mitatu kukomaa, na homa kali ya mwezi uliopita inatosha kuyaharibu. Arudie kupima, akiwa na daktari wa kumsomea majibu.