Ukilala Horombo Hongera, Ukilala Dago Pole

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili, si kwa ugonjwa wala uvivu. Nilikuwa likizo nyumbani Mtwara, na siku tatu kati ya hizo nimelala dago, kwenye fungu la mchanga ndani ya Ghuba ya Mnazi. Kwa wasiojua (na najua hapo Dar mko wengi), dago ni kambi ya wavuvi mbali na kijiji. Vibanda vya fito na makuti, au turubai kuukuu, na watu hulala hapo wiki nzima, pengine mwezi, wakifuata samaki na upepo. Nimerudi mjini na hasira, naomba mnivumilie.

Jioni ile niliyovuka kwenda dago, rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye Mlimani alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Yuko Horombo, mita 3,720, Mlima Kilimanjaro, Julai hii ya baridi, amevaa soksi mikononi kama glavu. Hongera zikamiminika. Shujaa, mzalendo, utalii wa ndani oyee. Kesho yake nilipopata mtandao nami nikatuma yangu: kibanda cha makuti, mimi nimejifunika kipande cha tanga, kusi inavuma mpaka picha yenyewe imetikisika. Nikapata pole kumi na moja. Mmoja akaniuliza faragha kama nimeibiwa.

Hebu tuulizane taratibu. Tofauti iko wapi? Vyote viwili ni vibanda vya kulala watu, mbali na barabara, mahali ambapo hali ya hewa ikichafuka unaweza kufa. Vyote viwili vina mtu anayevifanya vikalike. Kule mlimani kuna wapishi, walinzi, wasafisha vyoo, na kuna wapagazi. Kibanda cha Kibo, kiasi cha mita 4,700, hakina chanzo cha maji. Kila tone unalonywa pale limepanda mgongoni au kichwani mwa mtu. Yule rafiki yangu hakumpiga picha hata mmoja wao, lakini hilo tutaligombana wenyewe.

Ila mlima angalau umepiganiwa. Vibanda vile Wajerumani waliviita Bismarck na Peters, huyo Peters akiwa Carl Peters wa mkono wa damu, ambaye serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili. Leo vinaitwa Mandara na Horombo, majina ya watawala wa Kichaga. Mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, na tangu 2003 uko mradi mzima wa kutetea ujira, chakula na malazi ya wapagazi. Sisemi wameshapata haki yao. Wako wengi wanaolipwa pungufu ya walichoahidiwa. Nasema kuna kanuni ya kuivunja, na kuna mtu wa kumshtakia.

Dago halina hata hiyo kanuni ya kuvunjwa.

Nilipolala mimi, mwenye kazi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Wenzake humwita mpishi, basi, ila kupika ndiyo kazi yake ndogo. Alfajiri anavuka na mtumbwi na madumu manne ya lita 20 kwenda kuteka maji bara, kwa sababu kisima cha pale kinatoa maji ya chumvi. Anarudi, anapara samaki, anaanika ng'onda, anasuka makuti ya kuziba pale upepo ulipong'oa usiku. Vijana wakitoka baharini wanakuta ugali wa muhogo, chukuchuku ya moto na mahali pakavu pa kujinyoosha. Mshahara hana. Ana fungu lake katika mgawo, dogo kuliko la mvuvi, pamoja na kitoweo. Siku ambayo nyavu zimerudi tupu, naye ameteka maji bure.

Na usiku anachunga moto. Huu ndio uliokamata roho yangu. Anatumia vifuu na makumbi, anavipanga ili moto uwake kidogo kidogo mpaka asubuhi. Usiku wa pili nilimwambia, babu, lala, moto nitauangalia mimi. Akacheka. "Mjukuu wangu, wewe utasinzia. Huu moto si wa kuota, huu ni wa walioko nje."

Kama saa nane usiku wakaingia vijana wawili na mtumbwi uliojaa maji nusu. Si watu wa dago lile. Kusi iliwazuia kuzunguka rasi kurudi kwao, tochi ilikufa, wakaufuata mwanga wa moto. Hakuna aliyewauliza kibali wala kwao wapi mpaka walipokwisha kula.

Nilikumbuka jambo nililowahi kusoma kuhusu milima ya Uswisi na Austria. Kule vibanda vingi vya milimani hufungwa majira ya baridi, lakini huachwa chumba kimoja wazi, chenye kuni na mablanketi, kwa yeyote atakayekamatwa na theluji. Wazungu wanaliandikia makala ndefu jambo hilo, na wanastahili. Dago halina mlango kabisa. Nani ameliandikia?

Mimi nilijaribu. Mwaka juzi niliandika habari ya madago nikaipeleka kwa mhariri mmoja, gazeti gani si lazima mjue. Akaisoma nusu, akaniuliza, "Kuna aliyekufa?" Nikasema hapana. "Sasa habari iko wapi?" Nikaichukua nikaondoka. Na kosa si lake peke yake, maana sikubisha.

Sasa najua hoja zitakazokuja, nizijibu mapema. Mtasema madago ndiyo maficho ya wapiga baruti na wenye makokoro. Mtasema yanaleta kipindupindu kwa kukosa vyoo. Mtasema yanakata mikoko. Hayo mawili ya kwanza nayakubali kwa sehemu: baruti ilitesa pwani hii miaka mingi, na choo pale nilipolala hakuna, nisiwafiche. Lakini choo hakijengwi na mtu anayeambiwa kila msimu kwamba hapo si mahali pake.

Hiyo ya mikoko ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inageuza mambo miguu juu. Yule mzee amejenga kibanda kile kile mara nne. Kwa nini? Kwa sababu kila mgeni mwenye fulana ya mradi anayeshuka pale humwambia makazi haya "si rasmi". Mtu asiye na uhakika wa kesho hanunui mbao wala misumari, anakata fito zilizo karibu. Na katika maingilio ya Mto Ruvuma, fito zilizo karibu ni mikoko. Msimu ukiisha kibanda kinaoza au kinabebwa na maji ya bamvua, akirudi anakata nyingine. Kibanda kimoja cha kudumu, chenye mtu anayetambuliwa kuwa mtunzaji wake, kingeokoa mikoko kuliko semina kumi za pale mjini, tena zenye posho.

Wala sidai sheria mpya. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inasema wanavijiji washirikishwe katika hatua zote za upangaji na usimamizi. Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, kilometa za mraba zipatazo 650, bahari na nchi kavu. Vikundi vya BMU vipo kisheria tangu ile sheria ya uvuvi ya 2003. Vipande vyote viko mezani. Kinachokosekana ni mtu wa kukubali kwamba anayelala dago ni mkazi wa hifadhi kwa siku zile anazolala, na anayelitunza anafanya kazi ya umma.

Kama hamwamini kwamba ni ya umma, chukueni Aprili 25, 2019. Kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, wakazi wa Mtwara wakaambiwa wahame mabondeni na kandokando ya bahari. Mimi nilikuwa chuoni Dar, nikimpigia mama simu kila nusu saa. Kimbunga kikapiga Cabo Delgado, kwetu kikatupitia pembeni. Sasa nani alikwenda kuwaambia watu wa dago? Pale fungu la mchanga mtandao unashika ukisimama sehemu moja tu, na mkono juu. Mzee anasema alisikia kwenye redio yake ndogo, akashusha makuti yote chini, akawavusha waliokuwepo kwa safari tatu za mtumbwi. Alirudi ya tatu kuchukua sufuria. Nilimuuliza kama kuna aliyemshukuru. Akauliza, "Nani?"

Gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 inasafiri kwa bomba mpaka Dar tangu 2015. Kompyuta ninayoandikia hapa inawezekana kabisa inawaka kwa gesi hiyo. Mzee ana tochi ya Kichina inayofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Ninachotaka hakizidi bajeti ya ufunguzi wa semina moja. Tangi la maji ya mvua kwenye kila dago linalorudiwa kila mwaka. Choo. Ruhusa ya maandishi ya kusimamisha kibanda kimoja cha mbao kisichobomolewa. Na jina la mtunzaji liwe katika orodha ya watu wa kwanza kupigiwa simu bahari inapochafuka. Mtu wa hifadhi au wa halmashauri anayesoma hapa akiniambia kwa nini haiwezekani, nitayaweka maelezo yake hapa hapa bila kukata neno.

Wakati huo, mimi narudi Mtwara Oktoba kabla kaskazi haijaanza. Mzee hakuniagiza sukari wala soda. Ameniagiza misumari ya inchi nne, kilo mbili.