Boti za Tana zinahitaji taa kabla hazijahitaji mashine ya sola

Nje ya mji wa Garissa kuna shamba la sola lenye ukubwa wa hekta 85. Lilifunguliwa rasmi Desemba 2019, lina paneli zaidi ya laki mbili, na uwezo wake ni kama megawati 50. Umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa. Si mbali na hapo upo mto Tana, na mto ukifurika watu huvuka kwa boti ambazo mara nyingi hazina hata balbu moja.

Wasomaji wa Pwani wasidhani hii ni habari ya wenyewe Garissa. Ng'ambo ya daraja ni Madogo, na Madogo ni Kaunti ya Tana River, yaani ni kwetu. Maji yalipoikata barabara kati ya Garissa na Madogo, Novemba 2023 na tena Aprili 2024, waliokwama walikuwa pande zote mbili: wagonjwa, wanafunzi, wenye maduka, abiria wa mabasi ya Nairobi. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti iliyojaa abiria ilipinduka Kona Punda. Shirika la Msalaba Mwekundu lilisema watu 23 waliokolewa. Wengine hawakutoka hai.

Tangu wakati huo, kila yakizungumzwa mafuriko husikia mtu akisema: tuleteni boti za sola. Mimi hufunga sola kwenye mashua na boti huku Lamu, na maneno hayo hunifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Tupige hesabu. Mashine ya nguvu farasi 15 ikienda kasi yote hutumia takriban kilowati 11. Paneli ya wati 100, kwa jua la Garissa, hutoa kama wati-saa 400 au 500 kwa siku. Saa moja tu ya mashine hiyo ni kazi ya paneli hiyo kwa siku ishirini na zaidi. Kweli, upande wa Homa Bay kuna wavuvi wa Ziwa Victoria wanaotumia mashine za betri, lakini betri hizo huchajiwa nchi kavu, kisha zikakodishwa. Na ziwa si mto uliofurika, wenye magogo na mkondo wa kukuburuta. Kwa kuvusha watu wakati wa mafuriko, petroli bado ina kazi yake.

Paneli hiyo hiyo moja, hata hivyo, inatosha kwa mambo ambayo huokoa roho. Taa ya wati 10 ikiwaka usiku kucha hula wati-saa 120. Pampu ya kutoa maji ndani ya boti, ikifanya kazi saa nzima, haifiki 50. Zinabaki za kuchaji simu ya nahodha, redio, na simu za abiria kadhaa. Betri ya lithiamu ya volti 12, Ah 50, hubeba yote hayo na ikabakisha akiba ya siku ya mawingu. Na siku za mafuriko ndizo siku za mawingu.

Kuchagua paneli ndiko watu hudanganyika. Zile nyembamba zinazopindika huuzwa kwa maneno matamu kwamba ni nyepesi na unazigandisha tu kwenye fiberi. Garissa sizipendi. Paneli hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila digrii inayopita 25, na iliyogandishwa haina upepo chini yake, kwa hivyo huungua mgongo. Chukua ya kioo yenye fremu ya alumini, ina kilo saba hivi, uifunge juu ya paa la turubai ukiacha nafasi ya kiganja chini yake. Garissa iko karibu kabisa na ikweta, hivyo kuilaza bapa si hasara kubwa. Iinamishe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Huku kwetu adui ni chumvi, kule ni vumbi. Kitambaa kibichi kila asubuhi kinatosha.

Kivuli ni jambo jingine. Kona moja ikifunikwa na gunia la abiria, nguvu inayopotea ni kubwa kuliko ukubwa wa kona yenyewe. Basi paa lisigeuzwe kuwa kariya. Mzigo juu hufanya boti iyumbe, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kukosa umeme.

Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, nati za kujifunga, maana mashine hutikisa kila kitu. Waya uwe na fyuzi karibu na betri. Betri na tangi la petroli visilale pamoja kamwe: cheche moja kwenye mvuke wa petroli, na abiria 20 ndani, sihitaji kueleza zaidi.

Vitu hivi havipo kwa sababu hakuna aliyeviandika. Garissa na Tana River, pamoja na Lamu, Kilifi na Kwale, zimo katika kaunti 14 za mradi wa KOSAP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia kupeleka sola majumbani, mashuleni na kwenye pampu za maji. Boti ya kuvushia watu haihesabiki popote. Kaunti mbili zikinunua boti za dharura, tenda itaje taa, pampu, paneli na betri kama inavyotaja makoti ya kuokolea maisha. Na Mamlaka ya Bahari, KMA, ikikagua boti za watu binafsi iulize taa iko wapi.

Mabwawa ya juu, Masinga na wenzake, yakijaa hutangazwa mapema, kwa hivyo muda wa kufunga upo. Fundi mmoja na msaidizi humaliza boti kwa siku moja. Wizi nao upo, paneli hazilali nje Garissa wala Lamu. Ndiyo maana nashauri boti za umma zifungwe mbele ya kituo cha polisi cha upande wowote, na taa iachwe ikiwaka.