Si Kila Tumbo Linalouma Lina Minyoo

Katika shule zetu nyingi, mtoto anayelalamikia tumbo huhukumiwa kabla hajasikilizwa. Akiwa wa darasa la chini, huambiwa ana minyoo. Akiwa mkubwa, na hasa mtihani ukiwa umebisha hodi, huambiwa anatega kazi. Akipelekwa zahanati hupewa dawa ya amiba; asipopona hupewa ya homa ya matumbo; asipopona tena huambiwa ana vidonda vya tumbo na kukatazwa pilipili. Wazazi wakishachoka kununua dawa, huanza kunong'ona kuhusu jicho baya la jirani. Miezi hupita, muhula hufuata muhula, na mtoto hubaki palepale alipokuwa: palepale kwa maradhi na, jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya, palepale kwa kimo.

Hilo la kimo ndilo ningependa tulitafakari pamoja, walimu na wanafunzi. Yapo maradhi ya kuvimba kwa utumbo ambayo humshika mtoto polepole, yakamdumaza, na yasitambuliwe kwa miaka kwa sababu kila mtu anatazama tumbo na hakuna anayetazama urefu. Madai yangu ni haya: mizani na utepe wa kupimia ni miongoni mwa vifaa vya kwanza vya kuyafichua maradhi hayo, na mwenye nafasi bora ya kuvitumia si daktari bali ni mwalimu.

Kwanza tuelewane kuhusu maradhi yenyewe. Makuu ni mawili. La kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn ambaye, pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, aliandika habari za wagonjwa 14 mjini New York mwaka wa 1932. Ugonjwa huu waweza kushika mahali popote tangu kinywani hadi tupu ya nyuma, ingawa mara nyingi hupenda mwisho wa utumbo mwembamba. La pili ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ambao huanzia kwenye puru na kupanda juu, wala hautoki nje ya utumbo mpana. Katika yote mawili kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huugeukia utumbo wa mwenyewe na kuutia vidonda. Kikulacho ki nguoni mwako. Sababu yake haswa haijafumbuliwa yote. Hata hivyo inajulikana kwamba urithi, mazingira, na vijidudu wanaoishi tumboni mwa kila mtu vyote vina mkono. Si maradhi ya kuambukiza, na hayaletwi na uchawi wala na utundu wa mtoto.

Takribani robo ya wagonjwa huanza kuugua kabla hawajatimiza miaka 20. Mtu mzima anapougua hukonda, lakini urefu wake anao tayari. Mtoto yuko katika kujengwa. Anakula kidogo kwa sababu kula kunamuuma. Kile anachokula hakifyonzwi vyema na utumbo wenye vidonda. Na uvimbe wenyewe humwaga katika damu kemikali zinazozuia homoni za ukuaji zisifanye kazi yake. Ndiyo maana kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Crohn, kusimama kwa ukuaji kwaweza kutangulia kuhara na maumivu kwa miezi, na pengine kwa miaka. Mtoto mzima wa afya, baada ya umri wa miaka mitano na kabla ya kubaleghe, huongezeka sentimita tano au sita kwa mwaka. Akiongezeka chini ya nne, kuna jambo. Dalili ya mvua ni mawingu.

Na mvua hiyo haingoji. Mwishoni mwa kubaleghe ncha za mifupa hufunga, na baada ya hapo hakuna dawa wala chakula kitakachomrefusha mtu. Mtoto anayetambuliwa akiwa na miaka 11 ana nafasi ya kufidia alichopoteza. Anayetambuliwa akiwa na miaka 18, baada ya kuzungushwa zahanati hadi zahanati, atatibiwa tumbo lakini kimo chake kimekwisha kuamuliwa. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili: tunapochelewa, tunampunguzia mtoto mwili ambao angekuwa nao maisha yake yote.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Fikira hiyo ina mizizi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka wa 1946, alieleza kwa miaka mingi jinsi maradhi mengi ya utumbo yaliyowasumbua watu wa Ulaya yalivyokuwa nadra katika hospitali za Afrika, na akayahusisha na vyakula vilivyokobolewa. Alichokiona alikiona. Lakini nadra si sawa na kutokuwapo, na mlo wa miji yetu leo si ule wa vijiji alivyovizuru. Isitoshe, ugonjwa unaohitaji kamera ya kuingizwa tumboni ili uonekane hautaonekana mahali pasipo kamera. Hatuwezi kutangaza kwamba kisima hakina maji ilhali hatujateremsha ndoo.

Hata hivyo, haki ya hoja ni kuipima pande zote. Hapa kwetu mtoto anayehara damu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na maambukizi. Ukiwa Mwea au kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha matumbo lazima kifikiriwe. Kwingineko kuna amiba na kuhara damu kwa bakteria. Na kila mahali kuna kifua kikuu, ambacho hushika pia matumbo. Daktari anayeanza kwa kutafuta hayo hajakosea. Kosa huja pale ambapo dawa ya kwanza imeshindwa, ya pili imeshindwa, na bado mtoto anapewa ya tatu bila kipimo chochote, au kwa kutegemea kile kipimo kimoja cha damu cha homa ya matumbo kiitwacho Widal, ambacho hudanganya mara nyingi.

Njia iliyonyooka inajulikana. Choo kipimwe kwa hadubini na kuoteshwa ili maambukizi yatambuliwe. Damu ipimwe ili kuona kama imepungua, kama protini ya albumini imeshuka, na kama kuna alama za uvimbe mwilini. Kipo pia kipimo cha choo cha protini iitwayo kalprotektini, inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu: ikiwa ya kawaida, uvimbe wa utumbo hauelekei kuwapo, ikipanda, uchunguzi lazima uendelee, kwa kuwa maambukizi nayo huipandisha. Baada ya hapo ndipo huja kamera, mpira mwembamba unaopitishwa kinywani na mwingine kupitia nyuma, mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa, na vipande vidogo vya nyama vikachukuliwa ili vichunguzwe. Madaktari wa watoto wa Ulaya waliokubaliana kanuni zinazojulikana kwa jina la mji wa Porto, zilizotolewa mwaka wa 2005 na kusahihishwa mwaka wa 2014, walisisitiza kwamba mtoto achunguzwe juu na chini, na utumbo mwembamba upigwe picha, kabla ya ugonjwa kupewa jina.

Kwa nini uangalifu wote huo? Kwa sababu kifua kikuu cha matumbo na ugonjwa wa Crohn hufanana kama pacha, ilhali tiba ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Ukimpa mwenye kifua kikuu dawa za kutuliza kinga ya mwili, umewafungulia adui lango. Ukimpa mwenye Crohn dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, umemnyang'anya nusu mwaka wa kukua. Hapa kubahatisha ni hatari.

Je, tiba ipo? Ipo, na ya kwanza yake kwa mtoto mwenye Crohn huwashangaza wengi: ni chakula. Kwa wiki sita hadi nane mtoto hunywa lishe maalumu ya maji peke yake, iliyo na virutubishi vyote, bila ugali, bila maharagwe, bila mkate. Lishe hiyo hutuliza uvimbe sawasawa na dawa kali za kundi la prednisoloni, na tena huponya vidonda na kumrudishia mtoto uzito. Prednisoloni nayo hufanya kazi upesi, lakini ni upanga wenye makali kuwili, kwani ikitumiwa kwa muda mrefu hudumaza ukuaji uleule tunaotaka kuuokoa. Zipo dawa za kuzuia ugonjwa usirudi, kama azathioprini na methotreksati. Zipo pia za kisasa zaidi kama infliksimabu, zinazodungwa, ambazo ni ghali na haziwezi kuanzishwa mpaka kifua kikuu kiwe kimetafutwa na kukosekana. Kwa vidonda vya utumbo mpana kuna dawa za kundi la mesalazini, na hali ikizidi, upasuaji. Maradhi haya hayang'olewi kabisa kwa dawa, lakini hutulizwa, na mtoto aliyetulizwa husoma, hucheza, hukua na kuoa au kuolewa kama wenzake.

Sasa turudi shuleni. Mtoto wa Kenya hupimwa uzito tangu siku ya kuzaliwa, na mama hukitunza kijitabu cha kliniki kama hati ya shamba. Lakini kijitabu hicho hufungwa mtoto anapotimiza miaka mitano. Baada ya hapo, kwa watoto wengi, hakuna anayewapima tena mpaka watakapokuwa watu wazima. Miaka kumi ya kukua hupita gizani, na ndiyo hiyohiyo miaka ambayo Crohn hupenda kuanza.

Ilhali utaratibu wa kuliziba pengo hilo tunao nusu tayari. Mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianzishwa mwaka wa 2009 na kuhuishwa mwaka wa 2012, na mikono iliyowapa watoto vidonge ilikuwa ya walimu. Ni mpango mwema. Minyoo ni adui wa kweli. Lakini mtoto akishapangwa mstarini ili ameze kidonge, ni shida gani kumsimamisha ukutani palipochorwa alama za sentimita, kisha kwenye mizani, na kuandika tarakimu mbili daftarini? Mwakani tarakimu hizo zitalinganishwa na za mwaka huu. Asiyeongezeka aitiwe mzazi, na mzazi apewe barua ya kwenda hospitali pamoja na tarakimu zenyewe, kwa kuwa daktari aliyeshikilia vipimo vya miaka mitatu ana ushahidi ambao hakuna maabara iwezayo kumpa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Walimu wana mizigo tele, na madarasa yamefurika. Nami nakiri kwamba mwenye ugonjwa wa Crohn huenda asipatikane katika shule nzima. Lakini mizani haichagui. Itamfichua pia mwenye kifua kikuu, mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, na yule ambaye hana ugonjwa wowote ila nyumbani kwao hakuna chakula cha jioni. Simtaki mwalimu awe tabibu. Namtaka afanye ambalo tayari analijua: kuhesabu, kuandika, kulinganisha.

Aidha, kuna dalili ambazo mwalimu na matroni wanapaswa kuzikariri. Maumivu ya tumbo peke yake, kwa mtoto anayekua na kula vizuri, aghalabu si ugonjwa huu. Lakini yakiandamana na damu katika choo, na kuhara kunakomwamsha mtoto usiku, na kukonda, homa zisizoelezeka, vidonda vya kinywani vinavyorudirudi, maumivu ya viungo, vidonda au usaha karibu na tupu ya nyuma, au kuchelewa kubaleghe, basi asipewe kidonge kingine cha kubahatisha. Apelekwe kupimwa. Na anayeomba ruhusa ya kwenda msalani mara tatu katika kipindi kimoja asichekwe wala asichapwe. Aruhusiwe bila kuulizwa mbele ya wenzake.

Kwenu wanafunzi nina neno moja. Najua kwamba habari za choo hazisemwi hadharani, na kwamba msichana au mvulana wa miaka 14 angependa ardhi ipasuke immeze kuliko kumwambia mtu ameona damu. Lakini mficha maradhi, kifo humfichua. Mchague mtu mzima mmoja unayemwamini, mwambie mara moja, kwa maneno machache. Hutakuwa umejiaibisha.

Serikali nayo haiwezi kukaa kando. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, haina budi kuhakikisha kwamba uchunguzi wa kamera kwa watoto na lishe maalumu ya maji havibaki anasa ya wachache wa mijini. Madaktari waliobobea katika maradhi ya tumbo ya watoto ni wachache mno, na hawatatosha kesho. Lakini utepe wa kupimia hauhitaji bajeti ya bunge. Muhula ujao utakapofunguliwa, mwalimu mkuu na achore alama ukutani, na watoto waanze kupimwa.