Ubeberu: Sababu na Visingizio

Yako maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi siku hizi, Musoma mjini, Bunda kwenye kituo cha mabasi, na hata Butiama, mahali ambapo tulidhani hayatathubutu kutamkwa. Ati wakoloni walikuja kutustaarabisha. Ati wangalikaa miaka michache zaidi, nchi hii ingalikuwa mbali. Wanaosema hivyo si maadui zetu. Wengi ni wafanyakazi wenzetu waliochoshwa na ugumu wa maisha. Kwa hiyo hatuna budi kuwajibu kwa hoja, wala si kwa kelele.

Ubeberu ulikuwa na sababu, na ulikuwa na visingizio. Mwaka 1884 Carl Peters alipozunguka Usagara na Ukami akikusanya mikataba ambayo waliotia alama zao hawakuweza kuisoma, viwanda vya nguo vya Ulaya vilitegemea pamba ya ng'ambo, na matajiri wake walitafuta masoko na mahali pa kuzalishia fedha zao. Miaka miwili baadaye, Wajerumani na Waingereza walikubaliana kuchora mstari kutoka pwani hadi ziwa letu. Mstari huo uliwagawa Wakurya na Wajaluo, ndugu huku na ndugu kule. Wala hakuna mzee mmoja wa Mara aliyeulizwa.

Kisingizio kikubwa cha siku zile kilikuwa utumwa. Hatukatai kwamba biashara ya watumwa ilikuwako. Ilikuwa uovu mtupu, na wako Waarabu na Waafrika waliotajirika kwayo. Lakini na tuwapime mabeberu kwa kipimo chao wenyewe. Wajerumani walitawala takriban miaka 30 kwa jina la kukomesha utumwa, na katika muda wote huo hawakuufuta. Walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru; wazazi wao wakabaki mali ya mabwana. Utumwa ulikuja kufutwa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kodi ya kibanda, kwa upande wake, haikungoja. Iliamriwa mwaka 1897. Tunamwomba msomaji aitazame vizuri miaka hiyo miwili, 1897 na 1922. Lililokuwa sababu lilitendwa upesi, na lililokuwa kisingizio likawekwa kando.

Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mikononi mwa Mzungu. Mtu mwenye ng'ombe wake na mtama wa kumtosha akageuzwa mdaiwa kwa amri ya karatasi. Ikambidi atafute kibarua au alime zao la kuuza. Wakurya, ambao mambo yao yaliamuliwa na wazee, wakapewa machifu ili wawepo wa kukusanya. Katika zama za Waingereza pamba ikaenea Kanda ya Ziwa, na dhahabu ikachimbwa Kiabakari na Buhemba, karibu kabisa na Butiama. Pamba ikapakiwa melini kwenda Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilikuwa imefika tangu mwaka 1901. Kiwanda cha kufuma nguo hakikujengwa Musoma mpaka tulipokuwa tumejitawala.

Mwaka huo huo wa 1922, Lugard, aliyepata kuwa mtawala wa Nijeria, alitoa kitabu akidai kwamba ukoloni unawafaa mtawala na mtawaliwa kwa pamoja. Shirikisho la Mataifa nalo likaidhinisha Uingereza kuitunza Tanganyika, kwa hoja kwamba watu wake hawajaweza kusimama wenyewe. Na mwaka huo huo, nyumbani kwa Mtemi Burito wa Wazanaki, akazaliwa Julius. Kumbe jibu lilikuwa limekwisha kuingia duniani, ingawa halijajua kusema.

Tutaambiwa juu ya shule. Sisi wenyewe tulifunzwa kusoma na wamisionari, na hatutakuwa watovu wa shukrani. Mwalimu naye alianza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Lakini nafasi zilikuwa ngapi? Mwalimu alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka, baada ya miaka zaidi ya 40, walituachia wahandisi wawili na madaktari 12. Mlezi gani huyo, anayekaa na mtoto miaka 40, kisha akalalamika kwamba mtoto hajui kutembea?

Walimu wa mkoa huu huwapeleka wanafunzi wao kwenye makumbusho ya Butiama. Tunawapongeza. Ila atokaye Bunda hupita Kiabakari kabla ya kufika. Gari lisimamishwe hapo, watoto washuke, na waulizwe dhahabu ya mahali pale ilikwenda kwa nani, na babu zao walilipwa nini kwa kuichimba.