Upasuaji wa Nyongo: Tusikimbilie Kila Kilicho Kipya

Tarehe 7 Oktoba, 2023, Rais Paul Kagame alifungua rasmi huko Masaka, wilayani Kicukiro, kituo cha IRCAD Africa, ambacho kazi yake ni kuwafundisha madaktari wa bara letu namna ya kupasua kwa kupitia matundu madogo. Kituo hicho ni mtoto wa kile kilichoanzishwa na Profesa Jacques Marescaux mjini Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994. Taifa dogo kama letu kuwa na chuo cha namna hiyo ni jambo la fahari, nasi hatuna nia hata kidogo ya kulibeza. Lakini chuo kikishapatikana, swali linalofuata ni la nini kifundishwe kwanza, na kwa faida ya nani. Leo tumechagua kulitazama swali hilo kwa kupitia maradhi moja tu, nayo ni vijiwe vya nyongo.

Kifuko cha nyongo kimejificha chini ya ini, upande wa kuume wa tumbo. Kazi yake ni kuhifadhi nyongo inayotengenezwa na ini na kuimwaga mtu alapo chakula chenye mafuta. Nyongo hiyo ikigandamana hugeuka vijiwe, na kijiwe kikiziba njia, mgonjwa hupata maumivu makali chini ya mbavu, maumivu ambayo mara nyingi hupanda hadi begani. Akicheleweshwa, kifuko huweza kuoza, macho yakageuka manjano, au kongosho likavimba na kuhatarisha maisha. Wanawake, hasa waliozaa mara kadhaa, huupata ugonjwa huu zaidi kuliko wanaume. Na vijana wenye maradhi ya selimundu hawasalimiki. Zamani madaktari walifundishwa kwamba ugonjwa huu ni nadra kwa Mwafrika, na bila shaka wapo waliotibiwa vidonda vya tumbo miaka nenda miaka rudi, kumbe tatizo ni vijiwe. Dawa yake ya uhakika ni kukitoa kifuko chenyewe. Mtu huishi vizuri bila hicho, kwa kuwa ini huendelea kutengeneza nyongo kama kawaida.

Kazi hiyo ilifanywa kwa mara ya kwanza na Carl Langenbuch mjini Berlin mwezi Julai, 1882, na kwa muda wa karne nzima ikafanywa vivyo hivyo, kwa kulichana tumbo chini ya mbavu. Ndipo tarehe 12 Septemba, 1985, daktari mwingine wa Ujerumani, Erich Mühe, akakitoa kifuko cha nyongo huko Böblingen kwa kutumia bomba lenye taa na vyombo vyembamba. Wenzake walimcheka. Chama cha wapasuaji cha nchi yake hakikumtunuku heshima yake mpaka mwaka 1992, wakati njia hiyo ilikuwa imekwisha kuenea duniani kote, hasa baada ya Philippe Mouret wa Lyon kuifanya mwaka 1987 kwa msaada wa kamera.

Njia hii ndiyo inayoitwa ya matundu manne. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili liinuke kama hema, kamera hupitishwa kitovuni, na mpasuaji hufanya kazi huku akitazama kioo cha televisheni. Mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani kesho yake, na baada ya wiki moja au mbili anaweza kushika kazi zake. Kwa mkulima wa Nyamagabe, ambaye jembe ndilo bima yake ya kwanza, tofauti ya wiki mbili na wiki sita wakati wa kupanda si jambo dogo.

Laiti mambo yangeishia hapo. Wataalamu wa nchi tajiri waliona kuwa matundu manne nayo ni mengi mno. Mwaka 1997 wakaanza kutumia tundu moja tu la kitovuni, ambalo kovu lake halionekani. Wengine wakapunguza unene wa vyombo hadi milimita mbili au tatu. Mwaka huo huo wa 1997, huko Ubelgiji, roboti ilitumika kwa mara ya kwanza katika kazi hii. Tarehe 7 Septemba, 2001, Profesa Marescaux, akiwa New York, aliendesha mikono ya roboti iliyokitoa kifuko cha nyongo cha mama wa miaka 68 aliyekuwa amelala Strasbourg, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Na mwaka 2007 yeye na wenzake walikitoa kifuko hicho kwa kupitia njia ya uzazi, tumbo likabaki bila kovu la kuonekana. Hayo ni maajabu ya akili ya binadamu, na anayeyadharau hajui anachokisema.

Hata hivyo hatuna budi kuuliza mgonjwa amefaidi nini. Jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 200 na kutangazwa mwaka 2013 lilionyesha kwamba waliopasuliwa kwa tundu moja walilipenda kovu lao zaidi. Lakini katika muda wa mwaka mmoja, 8 kati ya kila 100 walipata ngiri ya kitovu, ambapo kwa matundu manne alipata mmoja tu kati ya 100. Kuhusu roboti, uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2023, uliohusu wazee zaidi ya milioni moja, ulikuta kwamba majeraha ya mrija wa nyongo yaliyohitaji kutengenezwa yalikuwa 7 katika kila 1,000 kwa roboti, na 2 katika kila 1,000 kwa matundu manne. Roboti haikati yenyewe. Pengine waliokuwa wakiishika walikuwa bado wanajifunza. Lakini wanaojifunza ndio hasa tutakaokuwa nao sisi!

Tuueleze mrija huu, maana ndiko iliko hatari yenyewe. Kifuko cha nyongo kimeunganishwa na mrija mkuu utokao inini kwenda utumboni. Mpasuaji akikosea akaukata mrija mkuu akidhani ni ule mdogo wa kifuko, mgonjwa aliyeingia na ugonjwa wa siku mbili hutoka na ugonjwa wa maisha: nyongo humwagika tumboni, ini huharibika, na kuutengeneza mrija huo ni kazi ya mabingwa wachache. Njia ya matundu ilipoenea kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990 majeraha haya yaliongezeka, hata serikali ya jimbo la New York ikaamuru mwaka 1992 kwamba daktari asiifanye peke yake mpaka awe amesimamiwa katika kazi zisizopungua 15. Tangu mwaka 1995 wapasuaji wamefundishwa kanuni moja nyepesi kuisema, ngumu kuitii: usikate chochote mpaka umesafisha pahala na kuona vitu viwili tu, wala visizidi, vikiingia katika kifuko. Kanuni hiyo haihitaji roboti. Inahitaji subira, na mwalimu aliyesimama karibu.

Kwa sababu hiyo tunaona kwamba faida kubwa ya kituo cha Masaka kwa nchi hii haitatokana na kuyarudia maajabu ya Strasbourg. Itatokana na madaktari wa hospitali za mikoani kuyajua matundu manne barabara, na kurudi makwao wakute mashine ya hewa, kamera nzima, mitungi iliyojaa, umeme usiokatika, na fundi wa kuvitengeneza vyombo vinapoharibika. Daktari aliyefundishwa akarudi mahali pasipo na vyombo atasahau, au atahamia Kigali. Na hapo mgonjwa wa Rusizi atapanda basi mchana kutwa kuja mjini, na ndugu wa kumuuguza, na nauli za watu wawili, ingawa mituweli yake imelipwa.

Iko njia nyingine ambayo hatusikii ikisifiwa, labda kwa sababu haina mashine ya kupigwa picha. Ni ya kulifungua tumbo kwa mkato mdogo, kiasi cha sentimita tano hadi nane, bila kamera wala hewa. Madaktari wa Sheffield, Uingereza, waliipima mwaka 1996 kwa wagonjwa 200, wakakuta kwamba huchukua muda mfupi zaidi kuliko matundu, na wagonjwa hawakukaa hospitali kwa muda mrefu zaidi. Majaribio mengine yaliyofuata hayakuona tofauti kubwa ya madhara. Wako watakaosema kwamba huku ni kuwapa wananchi wa vijijini kilicho duni. Duni ni kumwacha mgonjwa miezi akisubiri kamera itengenezwe. Tena hata bingwa wa matundu hulazimika mara nyingine kulifungua tumbo katikati ya kazi, damu inapotoka au mambo yasipoonekana. Na kijana ambaye hakuwahi kufundishwa kulifungua atafanya nini saa hiyo?

Serikali imekwisha kujiwekea shabaha ya kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne, kwa mpango ulioanza mwaka 2023. Tungependa ndani ya mpango huo Wizara ya Afya iweke sharti la usimamizi kama lile la New York, na kila hospitali ipasuayo nyongo iwe na daftari: njia iliyotumika, aliyepasua, aliyesimamia, siku ambazo mgonjwa alilala, na kama mrija ulijeruhiwa. Daftari hilo lipelekwe wizarani kila mwaka. Roboti ya kupasulia nyongo ikija kuombewa fedha, wanaoiomba waanze kwa kulifungua daftari hilo mezani.